Kopo la Udi Mlimani

Somo yangu,

Nimeolewa.

Najua ungenikatisha hapo hapo. Ungesema, "Salamu kwanza, mtoto we, hiyo habari haitokimbia." Basi salamu alaykum, Somo, na amani ya Mungu iwe juu yako huko uliko. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida yake na dawa hataki. Soko limehama hapa kwetu Mawaleh, malori ya matunda hayapiti tena, na barabara ya mbele ya nyumba yako iko kimya hata mtu anaweza kuvuka huku anasoma simu. Nyumba yako wanakaa watu wengine sasa. Wametia mapazia ya kijani. Nikipita natazama upande wa pili.

Na mimi nimeolewa. Nimeolewa na Nasir. Nimelisema mara tatu na bado naliona tamu mdomoni.

Somo, mume nimepata. Ungemuona. Anafanya kazi Rusayl, kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki, na akirudi jioni vumbi jeupe limemkaa kwenye kope kama unga wa wanja uliokosea rangi. Akifika mlangoni anapiga honi mara mbili, fupi fupi. Majirani washamzoea. Mimi sijamzoea. Kila nikiisikia ile honi nakimbia kwenye kioo, kisha naona haya mwenyewe kwa kukimbia. Mama yake kazaliwa Bujumbura, kwa hivyo Nasir Kiswahili chake cha bara, ungemcheka na ungemrudisha maneno yake mara mbilimbili. Asubuhi hunimenyea chungwa kabla ya kwenda kazini. Hulimenya bila kulikata ganda, likatoka refu, moja, kama utepe, na huliweka pembeni ya sahani yangu likiwa limejikunja. Nakuandikia mambo haya bila kuona haya kwa sababu wewe ndiye wa kuambiwa. Mama siwezi kumwambia. Mama nikianza tu anawasha televisheni.

Wewe ulikuwa somo yangu tangu nilipovunja ungo. Mama alikuchagua wewe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaniambia yote asiyoweza kunambia yeye utanambia wewe. Na ukanambia. Mengine nilifunika uso kwa mto. Ulisema siku ya harusi yangu utahamia kwangu siku saba, fungate nzima, ulale chumba cha pili, utupikie, unifukizie nguo na kitanda, na asubuhi ukinitizama usoni tu utajua kama mambo mazuri.

Ukafa miezi minane kabla.

Mama alitaka kuniletea mwanamke mwingine wa kusimama mahala pako. Nikakataa. Nilisema mtu ana somo mmoja. Basi fungate yangu ilikuwa ya mikahawa na ya kuamka peke yetu, na hakuna aliyenitizama usoni asubuhi. Na kitanda hakikufukizwa, Somo. Hili ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Unalikumbuka lile kopo la maziwa ya unga, ulilonipa Ramadhani yako ya mwisho? Ulilijaza udi ulioupika kwa mkono wako, ukalifunga kwa kitambaa na mpira. "Huu wa fungate," ulisema. "Usiuguse mpaka siku yako."

Siku yangu ilifika na sikuugusa.

Niliogopa. Nguo zako waligawiwa watu, kama inavyopasa. Sauti yako sina, hukupenda kurekodiwa. Picha yako moja niliyonayo umegeuka. Lakini kila Ijumaa nilikuwa nafungua lile kopo, naingiza pua, na wewe hapo, mzima, na leso yako na mikono yako na ile fulana ya buluu uliyoivalia jikoni. Halafu nafunga haraka usije ukatoka. Nilihisi siku kopo litakapokuwa tupu nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Na usiniambie ningepika mwingine. Tulijaribu. Mimi na mama tulikaa jikoni siku nzima, tukayeyusha sukari, tukatia udi na sandali na miski na marashi, vyote nilivyokuona ukitia. Ukatoka udi mzuri wa watu. Wako haukuwa. Kulikuwa na kitu kimoja hukutaka nikione. Kila ulipofika mwisho, sukari inaanza kuvuta, ulinambia, "Nenda kanitizamie kama nimefunga mlango." Nami kila mara nilikwenda, mjinga mie, na kila mara mlango ulikuwa umefungwa, na nikirudi sufuria imeshafunikwa na wewe unafuta mikono kama mtu asiyefanya kitu. Nilipokuuliza ulisema, "Ntakufundisha ukiolewa. Sasa hivi utautia kwenye nini?"

Sasa nimeolewa, na wewe hupo.

Nasir hakujua lolote katika haya. Alijua nilikuwa na somo na kwamba amekufa. Habari ya kopo sikumwambia. Nililificha nyuma ya mito, nikaona ni jambo baina yangu na wewe, na pengine niliona haya kumwambia mume mpya kwamba kila Ijumaa nanusa kopo la maziwa.

Basi mwezi mmoja baada ya harusi anarudi kazini, kope nyeupe, anasema, "Fungate yetu ilikuwa fupi. Twende tukaimalizie mlimani." Kiwanda kilimpa siku tatu tu wakati wa harusi na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Kaazima gari ya kaka yake, kaazima hema, kapata kibali cha kuingia ile hifadhi ya wanyama kule milimani nyuma ya Amerat. Tutakwenda Ijumaa baada ya sala, turudi Jumamosi. Mama aliposikia aliniuliza kama mume wangu hana nyumba. Bibi harusi wa mwezi mmoja, hina haijatoka vidoleni, anakwenda kulala juu ya mawe na mbuzi. Lakini alitukaangia sambusa za watu ishirini, na mlangoni alimwambia Nasir, "Mwangalie mwenzio, anaogopa hata kenge." Nasir akamjibu kwa heshima zote kwamba kenge ataanza kumla yeye.

Kopo nililichukua. Sikuweza kuliacha. Nililitia kwenye sanduku la vyombo, katikati ya sukari na majani ya chai, ambako nilidhani mwanamme hafiki.

Somo, kule! Sijui nianzie wapi. Ulikaa Maskati miaka arubaini na nadhani hukufika, wewe ulikuwa na njia yako ya sokoni na njia yako ya hospitali na ukatosheka. Lami inakwisha, kisha inakuja changarawe, kisha milima inakukaribia kutoka pande zote mbili mpaka unaona kama imeinama ikusikilize. Rangi yake si kahawia kama tunavyoiona kutoka barabarani. Ukiwa ndani yake ni zambarau, na mahala pengine waridi, na kuna mistari myeupe kama mtu kaichora kwa chaki. Getini mlinzi aliangalia kile kibali, akaangalia nyuma ya gari namna ilivyojaa, akauliza kwa Kiarabu wenzetu wako wapi. Nasir akasema ni sisi wawili tu. Yule mzee akatutizama, akatabasamu kwenye ndevu zake, akasema Mungu azidishe, na akatuonesha kwa fimbo kivuli kizuri zaidi.

Kivuli chenyewe kilikuwa cha msidiri, mkunazi wa huku, na chini yake mchanga laini wa wadi, mto uliokauka, na mbele yake kidimbwi cha maji yaliyobaki ya mvua, kijani, kimetulia hata mawingu yalikuwa yamelala ndani. Hewa ilikuwa baridi tamu. Sikusikia gari. Sikusikia kiyoyozi. Nilisikia jiwe moja likiporomoka juu mlimani, nikatizama, na pale juu kabisa alikuwa mbuzi mwitu, amesimama mahala ambapo hakuna pa kusimama, anatutizama kama tumechelewa.

Nasir alisimamisha hema mara mbili. Mara ya kwanza likawa limegeuka, mlango kwenye mwamba. Niliingia ndani nikamwambia nyumba nzuri, ila mgeni atapita wapi. Alicheka mpaka akaketi. Nilimpenda pale, Somo, ameketi mchangani na kigingi mkononi, kanzu ameifunga kiunoni, hata nilisahau kila kitu duniani. Nilisahau na kopo.

Saa kumi nikashuka kwenye kidimbwi kutia miguu na kutawadha. Nilikaa huko. Vidagaa vidogo vilikuja kunigusa vidole, kimoja kimoja, kama watoto wanaotumwa kuuliza jina la mgeni. Jua lilikuwa limepita nyuma ya mlima na mwanga uliobaki ulikuwa hautoki popote, ulikuwepo tu. Nilikuwa kama niliye usingizini na macho wazi. Na katika hali hiyo nikakusikia. Sikusikia sauti. Nilikusikia puani. Ulikuja kutoka nyuma yangu, ukanipita begani, ukashuka juu ya maji. Kwanza sukari, kisha sandali, kisha wewe. Nikageuka kwa furaha, nasema kweli, niligeuka nikitegemea leso yako.

Ulikuwa moshi. Moshi wa buluu, mzito, umejaa bonde.

Nilikimbia miguu mitupu. Nasir alikuwa amewasha makaa kwenye kisahani cha chuma, amekiweka katikati ya hema kama chetezo, blanketi zetu kazitandaza juu ya viti, mtandio wangu kautundika mlangoni, kanzu yake ya kesho kaishika mwenyewe juu ya moshi, inavimba kama tanga, na uso wake una furaha ya mtu aliyeandaa jambo. Kopo lilikuwa chini. Kitambaa pembeni. Wewe unajua, udi wako ni wa kubana kwa vidole viwili. Yeye, mwanamme, alikuwa ameumimina.

"Umenichomea mtu wangu," nilisema.

Hakunielewa. Alidhani nina hofu ya moto. Nikalisema tena, na mara ya pili sauti haikuwa yangu, nikamwambia hana haki, nani kamwambia aguse, kwa nini watu wa kwao hawaulizi. Watu wa kwao, Somo. Mama yake ambaye hajanikosea hata neno. Aliishusha ile kanzu taratibu.

"Nimekuta udi kwenye vyombo," akasema. "Nilijua wewe umeuleta wa fungate. Bibi harusi anabeba udi wa nini tena?"

Na kweli, jibu ni hilo hilo. Mtu yeyote wa kwetu angefikiri vile vile. Mimi ndiye niliyebeba udi usiochomwa.

Nilikaa mchangani nikalia, kilio kile ambacho siku ya mazishi yako hakikutoka kwa kuwa nyumba ilijaa watu na mtu lazima awapakulie. Nasir hakunigusa. Alikaa hatua mbili mbali nami, akalichukua kopo, akalifunika kwa kitambaa chake na kuufunga ule mpira kama alivyoukuta. Akaliweka baina yetu. Ndipo akasema, "Nihadithie."

Nikamhadithia. Nilianzia ukuta kwa ukuta, nikamwambia ulivyonisuka nywele ukinivuta mpaka macho yanakuwa ya Kichina, ulivyonifundisha kutembea na kanga bila kushika, ulivyokuwa ukinunua machungwa kwa sanduku zima ilhali unaishi peke yako, na maganda yake ukayaanika kwenye sinia juu ya mashine ya kiyoyozi nje ya dirisha. Nilimwambia habari ya mlango. Alicheka pale kwenye mlango, nami nikacheka na makamasi. Giza lilikuwa linaingia na tulikuwa hatujala hata sambusa moja. Mwisho akaniuliza kazi ya somo kwenye fungate ni ipi hasa. Nikasema, kupika. Kufukiza nguo na kitanda. Kumtuliza bibi harusi.

Akasema, "Basi kupika ndiyo sijapika."

Tulilala mapema. Na Somo, hema lile! Blanketi zilikuwa wewe, mto ulikuwa wewe, kifua cha mume wangu kilikuwa wewe. Miezi yote hii nimekunusa kwa ncha ya pua kama mwizi, na usiku ule nilijifunika. Nikakuota. Hukusema kitu cha maana. Ulikuwa umekaa kando ya kidimbwi, umetia miguu, unalalamika maji baridi. Nilikuletea chai. Ukasema haina sukari. Nikaamka nimeridhika sana.

Alfajiri tulisali nje, juu ya mchanga wenye umande. Makaa ya jana yalikuwa bado hai chini ya jivu, Nasir akayapepea kwa ajili ya birika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maji, hatukuona ng'ambo, tulisikia tu kwato za mbuzi zikichagua mawe. Yeye alikuwa bado na hofu na mimi, anatembea kama mgeni katika nyumba ya watu. Akatoa chungwa. Akalimenya namna yake, utepe mmoja mrefu. Vipande akanipa mimi, na lile ganda akalitupa kwenye makaa, kwa mazoea tu. Bibi yake wa Bujumbura alikuwa akifukuzia mbu kwa maganda.

Ganda likajikunja. Likatoa mafuta, likalia kidogo, likaanza kuwa jeusi pembeni.

Na ukaja.

Nilidhani ni blanketi. Nikavuta mtandio wangu puani, nikautoa, nikainama kwenye makaa. Nikarudi kwenye mtandio. Nasir ananitizama, birika mkononi. Kile kitu, Somo! Kile kilichokosekana jikoni kwetu! Kile cha mwishomwisho, kinachochoma kidogo puani kisha kinakuwa kitamu. Sinia juu ya mashine ya kiyoyozi. Miaka yote ile ulituambia ni ya chai, dawa ya kikohozi, na mimi sijapata kunywa kwako chai yenye ganda la chungwa hata siku moja, na sikuwahi kujiuliza.

Ulikuwa unayasaga. Ulikuwa unanituma mlangoni na unatia maganda ya machungwa.

Nilimshika Nasir nikambusu pale pale mbele ya ukungu na mbuzi, na chai ikamwagika yote. Nilimuomba radhi kwa niliyoyasema jana, hasa lile la watu wa kwao. Alisema amenisamehe tangu kwenye makamasi. Tukala machungwa yote yaliyokuwemo, kumi na moja, mpaka midomo ikatuwasha, na maganda tukayatandaza juu ya dashibodi ya gari ili njiani tusipoteze hata moja. Mlinzi getini alipoiona dashibodi aliuliza kama tumefungua duka.

Nimeyaanika wiki mbili, juu ya mashine ya kiyoyozi, kwenye sinia. Jana nimeyasaga. Ndani ya kopo lako vilikuwa vimebaki vipande vitatu vidogo vilivyonasa chini. Sikuvinusa. Nimevitia kwenye sufuria pamoja na wangu mpya, kama mtu anavyotia kipande cha donge la jana kwenye unga wa leo, ili nami nianze kutoka kwako. Sukari ilipoanza kuvuta nikatia maganda. Mama alikuwa sebuleni, amekuja kututembelea, anatazama televisheni. Nikasikia ameizima. Akaja jikoni na magoti yake yale, akasimama akishika ukuta. Aliita jina lako. Aliliita kama anavyomwita jirani dirishani, kuomba chumvi.

Tukakaa wote wawili chini kwenye vigae, Somo. Tukakaa sana.

Leo jioni nimefukiza kitanda changu. Nimebana kwa vidole viwili, kama ipasavyo. Nasir atarudi, atapiga honi mara mbili, na nitakimbia kwenye kioo. Tumeshakubaliana baridi ijayo turudi kule, chini ya msidiri ule ule, na safari hii tutachukua hema letu wenyewe. Ukinitizama usoni sasa utajua. Mambo mazuri, Somo. Mazuri sana.

Nenda kwa amani, mama wa siri zangu. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie harufu nzuri kuliko zote ulizotupikia. Ahadi yangu kwako ni moja. Mwaka huu binti wa kaka yangu atanichagua mimi niwe somo yake, mama yake ameshaniomba, na nitakapompikia udi nitamsimamisha karibu na sufuria mpaka mwisho, aone kila kinachoingia. Sitamtuma popote.

Na mlango, Somo, nimekwenda kuutizama. Haujafungwa. Nimeuacha hivyo hivyo.

Mwanao,
Zuwena